Kobe Anayesikia Makofi

Jumatatu, 6 Agosti 2001

Siku kubwa! Naandika nimekaa, maana nikisimama miguu inacheza yenyewe.

Nimepata roboti. Siyo picha ya roboti. Roboti mwenyewe, ana umbo la kobe, ukubwa wa sufuria ya ugali wa watu wawili, magurudumu tumboni na vitufe mgongoni. Yule Mjerumani wa mradi wa visima aliyerudi kwao mwezi uliopita aliiachia parokia sanduku. Leo Baba Paroko amelifungua mbele yetu wawili, mimi na Clemens wa fotokopi. Alisema mashine hii huwafundisha watoto namna ya kuipa kompyuta amri, hatua kwa hatua. Akauliza kati yetu nani anaijua.

Clemens akajikuna kidevu. Kosa lake hilo. Mimi sikujikuna. Nilisema nilisogelea sana mambo ya kompyuta nilipokuwa Dar es Salaam. Siyo uongo. Mwaka 1997 nilikaa Dar wiki mbili nikifuata mitumba, na gesti yangu ilipakana ukuta na chuo cha kompyuta. Nilisikia mengi.

Basi Baba Paroko akaamua. Nichukue Kobe na watoto wanane, jioni baada ya shule, katika ukumbi wa parokia. Tarehe 15, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, baada ya Misa, Sista Silvana mkaguzi wa shule za jimbo atakuja kutazama. Akiridhika, darasa litakuwa la kudumu, litapewa chumba chenye umeme, nami nitakuwa mwalimu wake. Asiporidhika, Kobe anapelekwa seminari ya Kaengesa na mimi narudi nilikotoka.

Nilikotoka sitaki kurudi. Niliacha chaki mwaka 1994 kwa ajili ya soko huria. Nimeuza mitumba. Nimeonyesha video. Nimefuga bata. Habari za bata tuziache. Safari hii ndiyo yenyewe! Nimeshaagiza kibao kwa fundi rangi: KITUO CHA KOMPYUTA, na chini yake MKURUGENZI, LEONARDI SIKAZWE.

Mke wangu Kalista aliuliza kama nimesoma kitabu cha maelekezo. Nikamjibu kwamba kimeandikwa Kijerumani. Akauliza kama Kijerumani nacho nilikisikia kupitia ukutani. Mwanamke huyu ana maneno.

Jumanne, 7 Agosti

Somo la kwanza. Watoto wamekuja wanane na baridi yao, masweta hadi magotini. Upepo wa mwezi huu unakata masikio. Yumo binti yangu Hellena. Yumo Steven, mtoto wa mwenye duka la chumvi, mjuaji. Yumo Minza, miaka kumi na moja, binti wa wale Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Huyu anatembea saa nzima kuja shule na haongei mpaka awe na cha kusema.

Nilihutubia kidogo kuhusu sayansi. Dakika arobaini. Kisha nikabonyeza mbele mara tatu, halafu kitufe cha kijani cha kuanza. Kobe akaenda hatua tatu! Watoto wakaruka. Mimi pia niliruka, ila ndani kwa ndani.

Nikabonyeza kushoto, mbele mara mbili, kijani. Hapo Kobe akaanza ukaidi. Kwanza akaenda zake hatua tatu, ndipo akageuka kushoto, ndipo akaenda mbili, akaingia chini ya kabati la vitabu vya nyimbo. Nikajaribu tena. Akafanya yote yale ya nyuma na mapya juu yake. Niliwaambia watoto kuwa mashine imechoka na safari ya ndege.

Minza akanyoosha mkono. Akasema hajachoka, hajasahau tu. Kila tunachomwambia anakiunganisha na cha zamani, kwa sababu hakuna aliyemwambia asahau. Akaonyesha kitufe chekundu, ambacho mimi nilidhani kinalipua kitu. Akakibonyeza, akampa amri upya. Kobe akageuka kushoto, hatua mbili, akatulia.

Nikawaambia nilikuwa nawapima nione nani atakigundua kwanza. Steven akasema poa, Mwalimu. Sauti aliyoitumia sikuipenda.

Jumatano, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Nchi nzima imepumzika. Mimi nimefuatwa nyumbani na Mzee Ndalahwa, baba yake Minza, na fimbo yake ndefu. Nilijua amekuja kumwondoa mtoto. Niliogopa, maana bila yule binti Kobe ananishinda. Hili naliandika humu tu.

Mzee aliuliza huyo Kobe anavuta nini. Nikasema havuti kitu. Akauliza anabeba nini. Nikasema kwa sasa habebi. Akauliza kama anakamuliwa, kisha akacheka mpaka akashika ukuta wangu. Alipopona, akataka kujua anaongozwaje. Nikamweleza: mbele, geuka, mbele. Akasema kumbe ni maksai! Minza ameongoza maksai wa plau tangu ana miaka saba. Anatangulia mbele yao, anajua wapi pa kugeuza, na anajua kwamba maksai akipinda mstari aliyekosea ni mwenye kuongoza. Basi mtoto abaki darasani, ila awahi kukamua.

Sikuelewa hayo ya mwenye kuongoza alikuwa anamlenga nani. Nilimkaribisha uji.

Ijumaa, 10 Agosti

Maendeleo makubwa! Minza amepima akakuta kwamba kubonyeza mbele mara moja ni sawa na unyayo wake mmoja, kisigino mpaka kidole gumba. Sasa watoto wanatembea ukumbini kisigino kwa kidole, wanahesabu, wanaandika kwenye daftari, ndipo wanambonyeza Kobe. Hellena amemzungusha nguzo. Steven amempeleka mlangoni na kumrudisha. Mimi nimekaa mbele nikitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeyapanga yote.

Clemens amepita dirishani mara tatu, eti anatafuta kuku wake. Clemens hana kuku. Baadaye nikasikia anawaambia wateja kwamba roboti wa kweli ana rimoti, huyu wetu ni mdoli wa watoto. Wivu mtupu! Mtu mwenye mashine moja ya fotokopi, nayo ukiipa sura inakurudishia usiku wa manane.

Ila habari ya leo siyo Clemens. Leo nimegundua jambo mwenyewe, bila mtoto yeyote. Kobe ana sikio! Shingoni pana tundu dogo na swichi. Nilipiga viganja kufukuza baridi, Kobe akaondoka zake. Nikachunguza. Swichi ile ikiwashwa, hahitaji kitufe cha kijani. Unampa amri zake, unamwacha, unapiga makofi, pa! Anaondoka. Akimaliza safari anatega sikio tena. Ukipiga tena, anarudia safari ileile kuanzia hapo alipo.

Hii imenitatulia tatizo la suruali. Suti yangu ya tarehe 15 ni ya mitumba daraja la kwanza, kitambaa cha Ulaya, ila mwenyewe wa awali alikuwa mwembamba. Nikiivaa siwezi kuinama. Sasa sina haja ya kuinama kubonyeza! Nitasimama wima, nitapiga makofi mara moja, kama mkurugenzi.

Jumamosi, 11 Agosti

Mpango umekamilika. Kila shughuli ina risala, na kila risala husomwa na mtu mwenye mafua. Yetu italetwa na Kobe! Nitaifunga mgongoni kwake kwa utepe mwekundu. Kutoka alama ya chaki ukutani hadi kiti cha mgeni rasmi ni hatua kumi na mbili mbele, geuka kulia, nne mbele. Kobe anasimama miguuni pa Sista Silvana. Sista anainama, anafungua utepe, anasoma. Jambo hili halijatokea Rukwa. Hata Mbeya halijatokea.

Risala nimeiandika mwenyewe, kurasa nne. Watoto wametajwa ukurasa wa nne. Katika ukurasa wa pili nimegusia, bila kumtaja mtu kwa jina, kwamba mjini petu wapo wanaojiita wataalamu ilhali wana fotokopi moja mbovu, mkabala na stendi, na upara unaong'aa.

Mazoezi mara sita, mara sita sawasawa. Makofi, pa, Kobe huyo! Minza akauliza kama Kobe anasikia makofi ya kila mtu au ya Mwalimu peke yake. Nikamwambia Kobe anamjua mwalimu wake. Halafu akauliza Sista akiingia, watu wa hapa watamsalimia vipi. Nikamweleza kwa upole, kwa kuwa yeye ni mgeni kwetu, kwamba sisi Wafipa ni watu wa adabu, mkubwa tunamsalimia kama tulivyofundishwa na wazee, na wageni wasije wakatubadilishia. Akasema hataki kubadilisha kitu, alikuwa anauliza tu.

Watoto wa siku hizi wanauliza sana.

Jumapili, 12 Agosti

Mama mkwe wangu, Bibi Coleta, amefika kutoka Laela na lori la mahindi ili ashuhudie. Kalista alimwandikia. Sikumwomba amwandikie. Bibi Coleta ndiye aliyeshuhudia bata.

Hata hivyo heshima ni heshima. Nilichuchumaa, nikakunja viganja, nikampigia makofi taratibu kama inavyotakiwa kwetu. Naye akajibu kwa makofi yake. Kalista akapiga, Hellena akapiga, majirani wakaja nao wakachuchumaa na kupiga. Inapendeza kweli! Mtu wa pwani angedhani kuna ngoma.

Wakati tunasalimiana, kitu kilikuwa kinagongagonga ndani ya sanduku la Kobe pale kabatini. Panya. Nimetega mtego.

Jumanne, 14 Agosti

Kibao kimefika. Ni kikubwa kuliko mlango, kimelala sebuleni, tunakiruka.

Clemens amekuja kwa adabu kuomba kiti kesho. Mimi sina kinyongo. Nimempangia kiti cha ukutani kabisa, nyuma ya mabenchi ya akina mama, mahali asipoona kitu.

Sili chakula. Wakinipa darasa hili nitakuwa mtu. Kalista ameniletea uji wa ulezi na kuniambia bila utani hata kidogo kwamba anaombea. Hilo limeniogopesha kuliko yote.

Jumatano, 15 Agosti

Nitaandika yote. Daftari halicheki.

Misa ilikuwa ndefu na nzuri. Baada yake ukumbi ukajaa. Nilikuwa ndani ya suti, nimenyooka kama nguzo. Kwa kuwa siwezi kuinama, Minza ndiye aliyemweka Kobe kwenye alama ya chaki, risala mgongoni, amri ndani yake. Aliuliza kama aliwashe sikio sasa hivi au asubiri mgeni akae. Nikamwambia awashe, mimi nakwenda mlangoni kumpokea mgeni. Aliniuliza mara ya pili. Nikamwambia awashe!

Sista Silvana akaingia. Mama mdogo wa kimo, mvi tupu, amefundisha nusu ya watu wa Ufipa. Ukumbi mzima ukamtambua. Akina mama wakachuchumaa, akina baba wakainama, na viganja mia tatu vikaanza kumpigia makofi ya heshima. Mimi nilikuwa wa kwanza, na kwa bidii.

Nikiwa napiga, nikamwona Kobe anapita.

Alikwenda hatua zake kumi na mbili, akageuka kulia, akaenda nne, akasimama mbele ya kiti kitupu. Sawasawa kabisa! Ila mgeni alikuwa bado mlangoni. Nikasema moyoni haidhuru, amewahi tu.

Sista, mtu mwenye adabu, akajibu makofi upande wa kushoto. Kobe akaondoka tena. Kumi na mbili, akapenya katikati ya mabenchi ya akina mama, akageuka, akatokea chini ya vazi la Bibi Coleta. Mama mkwe wangu ana miaka sabini na miwili. Sijawahi kumwona akipanda juu ya benchi. Leo nimemwona.

Nilipaza sauti, Kobe, simama! Kobe hajui maneno. Sista akageukia upande wa kulia na kuwasalimia nao. Upande wa kulia ukamjibu. Nikawaomba watu waache makofi. Nani atakubali kuacha makofi mgeni anaposalimia? Walinitazama kama mtu aliyekosa malezi. Kobe akaondoka mara ya tatu, mpaka ukutani, na akasimama katikati ya viatu vya Clemens.

Clemens akafungua utepe. Alidai baadaye kwamba alidhani ni utaratibu. Na risala ikishafunguliwa inasomwa, kila mtu anajua. Akasimama, akakohoa, akaanza. Ukurasa wa kwanza ulihusu mimi. Akausoma vizuri, namshukuru. Akafungua wa pili. Akafika penye mkabala na stendi, sauti ikapungua. Akafika penye upara, akapeleka mkono kichwani polepole.

Ukumbi ulicheka mpaka Baba Paroko akavua miwani. Mimi nikarukia karatasi ile, ikaniponyoka, nikainama kuiokota. Nilikuwa nimesahau suruali. Iliachia kuanzia mkanda hadi gotini. Kalista akanirushia khanga yake kutoka benchi la tatu na ikanifikia, Mungu ambariki.

Kicheko kilipoisha, Sista Silvana alikuwa ameshakaa. Hakucheka. Aliuliza kama shughuli ndiyo imekwisha. Baba Paroko akatazama sakafu. Nikaona Kobe anakwenda Kaengesa, kibao kinakuwa mlango wa banda la kuku ambao sina. Niliumia, nasema kweli. Nilitamani sakafu inifiche.

Hapo Minza akajitokeza. Akamchukua Kobe kutoka viatuni mwa Clemens, akazima sikio, akabonyeza chekundu ili asahau yote. Akapiga goti mbele ya Sista, shikamoo, akamwomba achague mwenyewe mahali pa kumpeleka. Sista akaonyesha miguu ya Baba Paroko, upande wa pili, ila Kobe apite nyuma ya nguzo kwanza. Njia ambayo hatukuifanyia mazoezi!

Watoto wanane wakaingia kazini. Kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole. Steven akasema saba, Hellena akasema nane, wakabishana, wakapima upya. Minza akabonyeza. Kobe akaizunguka nguzo vizuri, lakini akapita kiatu cha Paroko kwa unyayo mmoja, akagonga ukuta. Watu wakaguna. Minza hakutetereka. Alisema Kobe hajakosea, wamekosea wao kuhesabu. Wakahesabu tena. Safari ya pili alisimama kwenye ncha ya kiatu, hakukigusa.

Ukumbi mzima ulipiga makofi, na Kobe hakujisogeza hata kidogo.

Sista akamuuliza Minza nani amemfundisha hivyo. Akajibu ni maksai wa baba yake. Watu wakacheka tena. Halafu akaongeza, kwa sauti ndogo, kwamba pia Mwalimu anawaacha waishike mashine kwa mikono yao, na hajawahi kuwachapa wanapokosea.

Nilikuwa nimejifunga khanga kiunoni, nikamshukuru Mungu kwa upepo uliokuwa unatoa machozi ya kila mtu, ingawa tulikuwa ndani.

Uamuzi wa Sista ni huu. Darasa litadumu. Kobe haendi popote. Watoto hawa wanane watawafundisha wanane wengine, Minza akiongoza. Clemens atatoa fotokopi za mazoezi. Mimi nitashika ufunguo, nitafungua saa kumi, nitafunga saa kumi na mbili, na katikati nitakaa kimya.

Kwa ufupi: wamenifanya Mkurugenzi!

Ijumaa, 24 Agosti

Kibao kimepigiliwa. Clemens amekuja kukitazama na mkebe wa rangi wa zawadi, eti nimemwongezea wateja, watu wanakuja kuuona upara. Tumepatana. Karibu tupatane.

Ufunguo ni kitu kizuri. Mwenye ufunguo anaweza kufungua hata siku isiyo ya darasa. Kesho ni harusi ya Salome na Timoth katika ukumbi uleule, na nimewaahidi kwamba pete zao zitaletwa na Kobe! Kumi mbele, geuka kushoto, sita mbele, miguuni pa maharusi. Haijatokea hata Dar.

Kuhusu makofi, nimejifunza. Kosa lilikuwa makofi. Kwa hiyo nimeziba lile sikio kwa pamba. Nimejaribu: ukimpigia makofi, kimya. Anaamshwa na sauti moja tu, ile kali inayopenya pamba. Kigelegele! Bibi Coleta atakaa karibu yangu, nikimpa ishara atapiga kimoja, na Kobe ataondoka na pete.

Minza alikuja kuchukua daftari, akaniona nafanya mazoezi. Akauliza bibi harusi akitokea mlangoni, akina mama watafanya nini. Nikamwambia hayo ni mambo ya watu wazima.

Suruali nimeishonesha. Hakuna kilichobaki cha kuharibika.